Leseni ya kusafirisha bidhaa hatari kwa barabara

Leseni ya kusafirisha bidhaa hatari kwa barabara ni jina la jumla la vibali ambavyo sheria inadai kabla ya lori kubeba vitu vinavyoweza kuwaka, kulipuka, kutoa sumu, kubabua ngozi au kutoa mnururisho. Mara nyingi watu hufikiri ni karatasi moja anayopewa dereva. Kwa kweli ni vibali kadhaa vinavyotegemeana: cheti cha dereva, cheti cha gari, hati za shehena na leseni ya kampuni. Kimoja kikikosekana, au kikiwepo kwa jina tu, vingine haviwezi kuziba pengo lake.

Masharti hutofautiana kati ya nchi na nchi, lakini msingi wake unafanana karibu duniani kote, kwa sababu nchi nyingi hufuata mapendekezo ya Umoja wa Mataifa kuhusu usafirishaji wa bidhaa hatari.

Bidhaa hatari ni zipi

Umoja wa Mataifa umegawa bidhaa hatari katika madaraja tisa kulingana na aina ya madhara yanayoweza kutokea:

1. Vilipukaji, kama vile baruti za migodini na fataki.
2. Gesi, ziwe za kuwaka kama gesi ya kupikia, zisizowaka kama oksijeni na nitrojeni, au za sumu kama klorini na amonia.
3. Vimiminika vinavyowaka, kama vile petroli, dizeli, mafuta ya taa, spiriti na rangi nyingi za mafuta.
4. Yabisi zinazowaka, vitu vinavyojiwasha vyenyewe, na vitu vinavyotoa gesi ya kuwaka vikikutana na maji. Salfa, fosforasi nyeupe na sodiamu ni mifano.
5. Vitu vinavyochochea moto kwa kutoa oksijeni, kama vile amonia nitrati, pamoja na peroksaidi za kikaboni.
6. Sumu, kama vile sianidi na baadhi ya viuatilifu vya mashambani, pamoja na vitu vyenye vimelea vya magonjwa.
7. Vitu vya mnururisho, kama vile vile vinavyotumika katika tiba ya saratani na katika vifaa vya kupimia viwandani.
8. Vitu vinavyobabua, kama vile asidi ya salfuriki, magadi makali ya viwandani na maji ya betri.
9. Vitu vingine vyenye hatari isiyoingia katika madaraja yaliyotangulia, kwa mfano betri za lithiamu na barafu kavu.

Namba ya daraja haionyeshi ukubwa wa hatari. Daraja la 8 si salama kuliko daraja la 3, ila hatari yake ni ya aina nyingine. Ukali huonyeshwa kwa njia tofauti: vitu vya madaraja mengi hupangwa katika makundi matatu ya ufungashaji, yaani I kwa hatari kubwa, II kwa hatari ya kati na III kwa hatari ndogo. Petroli imo kundi la II, dizeli kundi la III.

Kila bidhaa, au kundi la bidhaa zinazofanana, hupewa pia namba ya Umoja wa Mataifa yenye tarakimu nne. Petroli ni 1203, dizeli 1202, mafuta ya taa 1223, klorini 1017, asidi ya salfuriki 1830, sianidi ya sodiamu iliyo yabisi 1689, na salfa 1350. Faida ya namba ni kwamba haibadiliki kwa lugha. Askari wa zimamoto wa Tunduma na mwenzake wa Lubumbashi wanaweza kutumia majina tofauti, lakini 1830 ni ileile pande zote mbili za mpaka.

Kwa nini leseni ya kawaida haitoshi

Mtu anayeweza kuendesha lori la tani 30 za saruji hajawa tayari kuendesha lori la petroli lenye uzito huohuo. Sababu ni tatu.

Ya kwanza ni tabia ya bidhaa yenyewe. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 za Selsiasi chini ya sifuri, hivyo katika hali ya hewa ya Afrika Mashariki mvuke huo upo saa zote. Ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne, kwa hiyo haupai juu bali hutambaa chini, huingia mitaroni na mabondeni, na unaweza kufikia jiko, injini au sigara iliyo mbali na gari. Hauhitaji kuwa mwingi: mchanganyiko wenye takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya mvuke wa petroli katika hewa unatosha kuwaka. Ndiyo maana tangi lililomwagwa mafuta lisisafishwe linaweza kuwa na hatari ya mlipuko kubwa kuliko lililojaa. Lililojaa lina mafuta mengi na hewa kidogo, ilhali tupu limejaa mvuke na hewa pamoja.

Ya pili ni mwendo wa kimiminika ndani ya tangi. Tangi likijaa nusu, shehena husukumana. Dereva akikanyaga breki, mafuta hukimbilia mbele na kulisukuma gari. Akikata kona kwa kasi, huegemea upande mmoja na kulivuta lianguke. Kwa sababu hiyo matangi hugawanywa katika vyumba na kuwekewa kuta zenye matundu za kupunguza msukumo. Hata hivyo dereva lazima ajue kwamba lori lenye mzigo pungufu linaweza kuwa gumu kuliongoza kuliko lililojaa.

Ya tatu ni vitu kukutana na vingine. Sianidi ya sodiamu ikikutana na asidi hutoa gesi ya sianidi hidrojeni, ambayo huua kwa haraka. Asidi ya salfuriki ikimwagiwa maji kidogo hutoa joto kali na kuruka. Amonia nitrati iliyochanganyika na mafuta ni malighafi ya kilipukaji. Vitu hivi vyote hupita kwenye barabara za ukanda huu. Sianidi hupelekwa kwenye migodi ya dhahabu, na salfa hutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda kwenye migodi ya shaba ya Kongo, ambako hutumika kutengenezea asidi. Dereva asiyejua kemia hii ndogo anaweza kupakia mifuko ya bidhaa moja juu ya nyingine bila kujua kosa lake.

Historia

Magari yalianza kubeba mafuta na baruti kabla ya kuwepo kanuni za pamoja, na kila nchi ilikuwa na utaratibu wake. Mwaka 1956 kamati ya wataalamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa mapendekezo ya kwanza kuhusu usafirishaji wa bidhaa hatari kwa njia zote. Kitabu chake, ambacho hurekebishwa kila baada ya miaka miwili, hujulikana kwa jina la kitabu cha rangi ya machungwa kutokana na jalada lake.

Tarehe 30 Septemba 1957 nchi za Ulaya zilitia saini mjini Geneva mkataba wa usafirishaji wa bidhaa hatari kwa barabara kati ya nchi na nchi. Mkataba huo huitwa ADR, kifupi kilichotokana na jina lake la Kifaransa, na ulianza kutumika tarehe 29 Januari 1968. Neno "Ulaya" liliondolewa katika jina lake tangu mwaka 2021, kwa kuwa nchi za nje ya bara hilo nazo zilikuwa zimejiunga. Kutoka Afrika wamo Moroko, Tunisia, Nigeria na Uganda.

Ajali zimechangia sana kukaza masharti. Tarehe 11 Julai 1978 lori lililobeba propilini, gesi ya kuwaka iliyogeuzwa kimiminika, lililipuka kando ya kambi ya watalii ya Los Alfaques nchini Hispania. Zaidi ya watu 200 walikufa. Tangi lililostahili kubeba takriban tani 19 lilikuwa limepakiwa zaidi ya tani 23, na lori lilipita barabara ya pwani iliyojaa watu badala ya barabara kuu ya kulipia. Hapo hakukuwa na kosa moja tu: aliyepakia, aliyeruhusu gari kutoka na aliyechagua njia wote walihusika. Baada ya hapo Hispania iliweka masharti makali kuhusu malori ya aina hiyo kupita maeneo ya makazi.

Vibali vinne

Utaratibu wa ADR umeandikwa kwa kina kuliko mingine na umeigwa na nchi nyingi, kwa hiyo unafaa kutumiwa kama mfano.

Cheti cha dereva

Dereva anatakiwa kwanza kuwa na leseni ya kawaida ya daraja la gari analoendesha. Kisha huhudhuria kozi ya msingi isiyopungua vipindi 18 vya dakika 45. Humo hufundishwa madaraja ya hatari, alama, hati, upakiaji, vitu visivyopakiwa pamoja, wajibu wake kisheria, huduma ya kwanza na kuzima moto mdogo. Kuna mazoezi ya vitendo, si darasa tu.

Anayetaka kuendesha matangi huongeza kozi maalumu ya vipindi visivyopungua 12, ambayo hueleza mwendo wa shehena, vali, ujazaji na umwagaji. Vilipukaji na vitu vya mnururisho vina kozi zao za vipindi 8 kila moja. Mtihani wa kozi ya msingi huwa na maswali yasiyopungua 25, na wa kila kozi maalumu yasiyopungua 15.

Aliyefaulu hupewa kadi yenye picha yake na orodha ya madaraja anayoruhusiwa kubeba. Kadi hudumu miaka 5. Katika mwaka wa mwisho kabla haijaisha, dereva hurudi darasani kwa kozi ya kujikumbusha na kufanya mtihani tena. Miaka 30 ya uzoefu haimwondolei wajibu huo, kwa maana kanuni hubadilika na mazoea nayo humsahaulisha mtu hatari anayoishi nayo kila siku.

Cheti cha gari

Matangi na magari ya vilipukaji hukaguliwa na kupewa cheti kinachodumu kwa mwaka mmoja. Wakaguzi huangalia breki, nyaya za umeme, swichi kuu ya kukata umeme wa betri, mahali pa bomba la moshi, na uimara wa tangi lenyewe.

Gari lazima liwe na vifaa vyake. Kwa lori la zaidi ya tani 7.5, mitungi ya kuzimia moto ijumlishe kilo 12 au zaidi za dawa. Pia huwepo kigingi cha kuzuia gurudumu, alama mbili za tahadhari zinazosimama zenyewe, na kwa kila aliyemo garini fulana inayong'aa, tochi, glavu na miwani ya kukinga macho. Kwa bidhaa nyingi huongezwa maji ya kuoshea macho. Anayebeba sumu hutakiwa kuwa na barakoa ya kukimbilia, na anayebeba kimiminika huwa na koleo, kifuniko cha mtaro na chombo cha kukusanyia kilichomwagika.

Hati za shehena

Hati ya usafirishaji hutaja namba ya Umoja wa Mataifa, jina rasmi la bidhaa, daraja, kundi la ufungashaji, kiasi, pamoja na mtumaji na mpokeaji. Wajibu wa kutaja bidhaa kwa usahihi ni wa mtumaji, maana dereva hawezi kufungua pipa na kunusa ajue kilichomo. Mtumaji akiandika "dawa za viwandani" mahali pa jina halisi, amemnyima dereva na waokoaji habari ambayo uhai wao unaitegemea.

Hati ya pili ni maagizo ya maandishi, kurasa nne zinazoeleza hatua za kuchukua ajali ikitokea: kuzima injini, kukata umeme wa betri, kutowasha chochote, kutoa taarifa, kuweka alama, kuwaondoa watu, kukaa upande upepo unakotoka, na kutopambana na moto ulioshika shehena yenyewe. Dereva huzima moto mdogo wa gurudumu, breki au injini. Ule ulioingia kwenye mzigo huwaachia zimamoto.

Leseni ya kampuni

Kampuni hutakiwa kuwa na mshauri wa usalama aliyefaulu mtihani na kupewa cheti cha miaka 5. Mshauri hukagua utaratibu wa kazi, hufuatilia mafunzo na huandika ripoti baada ya ajali. Nchi nyingine hudai pia bima kubwa, mpango wa dharura na kumbukumbu za kila safari.

Kuna nafuu kwa kiasi kidogo. Chini ya ADR mtu anaweza kubeba hadi lita 333 za petroli au lita 1,000 za dizeli katika vyombo vilivyofungwa, mbali na tangi, bila cheti kamili cha dereva wala vibao vya rangi ya machungwa. Hata hivyo anatakiwa kuwa na hati, mafunzo ya jumla na mtungi wa kuzimia moto wa kilo 2.

Kusoma kibao cha rangi ya machungwa

Lori la tangi hubeba kibao cha rangi ya machungwa chenye upana wa sentimita 40 na kimo cha sentimita 30, kikiwa na namba mbili. Ya chini ni namba ya Umoja wa Mataifa. Ya juu hueleza hatari:

- 2: gesi inayoweza kutoka
- 3: kimiminika au gesi inayowaka
- 4: yabisi inayowaka
- 5: huchochea moto
- 6: sumu au maambukizi
- 7: mnururisho
- 8: hubabua
- 9: huweza kubadilika ghafla kwa nguvu

Tarakimu ikirudiwa, hatari imezidi. Ikifuatwa na 0, hatari ni hiyo moja tu. Kwa hiyo 33 juu ya 1203 ni petroli inayowaka kwa urahisi sana, na 30 juu ya 1202 ni dizeli, ambayo nayo huwaka lakini kwa ugumu zaidi. Herufi X ikitangulia, maji yasitumike: X423 juu ya 1428 ni sodiamu, ambayo ikimwagiwa maji hutoa gesi ya kuwaka. Mzima moto asiyeiona herufi hiyo anaweza kuukuza moto aliokuja kuuzima.

Kando ya kibao hicho huwekwa pia alama ya mraba uliosimama kwa ncha, yenye picha na rangi ya daraja. Nyekundu ni ya kuwaka, nyeupe yenye fuvu ni sumu, njano yenye mwali juu ya duara ni kichochezi cha moto, na nyeupe kwa nyeusi yenye mkono unaobabuliwa ni daraja la 8.

Afrika Mashariki

Tanzania

Nchini Tanzania hakuna ofisi moja inayotoa vibali vyote. Mwombaji hupita kwenye mamlaka mbalimbali kulingana na shehena:

- Leseni ya udereva hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania baada ya dereva kupimwa na polisi wa usalama barabarani. Malori makubwa huhitaji daraja E.
- Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, hutoa leseni za magari ya mizigo ya biashara na huthibitisha madereva.
- Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) husimamia usafirishaji wa mafuta na gesi ya kupikia chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2015.
- Wakala wa Vipimo hupima ujazo wa matangi ya mafuta.
- Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali husimamia kemikali chini ya Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Wanaosafirisha kemikali husajiliwa na kuombewa vibali huko, na mamlaka hiyo huendesha mafunzo kwa madereva wake.
- Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye makao makuu Arusha, hushughulikia vyanzo vya mnururisho.
- Baruti za migodini zina sheria yake, na vibali vyake husimamiwa na sekta ya madini.

Mafunzo ya madereva wa magari makubwa hutolewa katika vyuo kama Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam.

Faida ya mpangilio huu ni kwamba kila bidhaa husimamiwa na wataalamu wake. Ugumu wake huonekana kwa msafirishaji mdogo, ambaye lori moja linaweza kubeba kemikali leo na kitu kingine wiki ijayo. Kibali cha mafuta hakimruhusu kubeba asidi, na kibali cha kampuni hakimfundishi dereva. Anayeomba kwa mara ya kwanza afanye jambo moja kabla ya yote: amwombe mtumaji jina kamili la bidhaa, namba yake ya Umoja wa Mataifa na karatasi yake ya usalama. Humo ndimo atakapojua mlango wa kubisha.

Kenya na Uganda

Nchini Kenya, Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli (EPRA) hutoa leseni za magari ya mafuta chini ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2019. Leseni ya udereva hutolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA), ambayo katika mpangilio wake wa madaraja imetenga daraja la CD kwa malori makubwa yanayobeba vitu hatari. Uganda, kwa kujiunga na ADR, imekubali kanuni za mkataba huo kwa safari za kuvuka mipaka kati ya nchi wanachama.

Malori ya ukanda huu huvuka mipaka kila siku kutoka Mombasa na Dar es Salaam kwenda Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo na Zambia. Kwa hiyo dereva huhitaji kujua masharti ya kila nchi anayopitia, wala si ya nchi yake pekee.

Nchi nyingine kwa kulinganisha

Nchini Afrika Kusini dereva wa bidhaa hatari huhitaji kibali cha udereva wa kazi cha kundi D, na hawezi kukipata kabla ya kutimiza umri wa miaka 25, ilhali kwa mizigo ya kawaida umri ni miaka 18. Nchini Marekani huongezewa idhini maalumu kwenye leseni ya udereva wa biashara baada ya mtihani, na tangu miaka ya 2000 huchukuliwa alama za vidole na kuchunguzwa historia yake. Mafunzo ya wafanyakazi wa bidhaa hatari hurudiwa huko kila baada ya miaka 3.

Ajali na mafunzo yake

Afrika Mashariki na Kati imepata misiba mikubwa ya malori ya mafuta. Tarehe 31 Januari 2009 lori lilianguka Sachangwan, karibu na Molo nchini Kenya; watu walikusanyika kuchota mafuta, moto ukawaka na zaidi ya 100 wakafa. Tarehe 2 Julai 2010 katika mji wa Sange, Kivu Kusini, moto wa lori lililopinduka uliua zaidi ya watu 200, wakiwemo waliokuwa wamekusanyika kutazama mechi ya Kombe la Dunia. Tarehe 10 Agosti 2019 lori lilipinduka Msamvu, Morogoro, likaungua wakati watu wakichota petroli. Waliokufa walizidi 100.

Katika misiba ya Sachangwan na Morogoro kulikuwa na muda kati ya lori kuanguka na moto kuwaka. Muda huo ndio ambao mafunzo ya dereva na elimu ya raia hulenga kuutumia. Dereva aliyefundishwa, akiwa mzima, hukata umeme na kuwafukuza watu. Lakini dereva mmoja hawezi kuuzuia umati wenye madumu, na huenda mwenyewe ameumia. Kwa hiyo leseni, hata ikiwa kamili, hulinda nusu ya njia. Nusu iliyobaki iko mikononi mwa polisi, zimamoto, viongozi wa mitaa na wakazi wa kando ya barabara.

Umaskini hutajwa mara nyingi kama sababu ya watu kuchota mafuta, na una nafasi yake. Sababu nyingine ni kutojua. Wengi hudhani petroli ni hatari pale tu inapoguswa na kiberiti, na kwamba aliyesimama hatua 20 kutoka kwenye dimbwi yuko salama. Hawaoni mvuke, kwa sababu hauonekani. Waendesha bodaboda wanaofika kwa pikipiki huja na cheche zao wenyewe.

Suala la lugha

ADR inadai kwamba kampuni impe kila mhudumu wa gari maagizo ya dharura, kabla safari haijaanza, katika lugha anayoweza kuisoma na kuielewa. Sharti hili ni la maana kubwa kwa wazungumzaji wa Kiswahili. Karatasi za usalama za kemikali nyingi zinazoingia bandarini huandikwa kwa Kiingereza, wakati mwingine kwa Kichina, ilhali dereva na utingo wake hufikiri na kuambiana kwa Kiswahili. Karatasi iliyofungiwa kwenye bahasha na isiyosomeka haina tofauti na karatasi isiyokuwepo.

Kwa sababu hiyo mafunzo yanayotolewa kwa Kiswahili, yenye istilahi zinazoeleweka, ni sehemu ya usalama wenyewe. Dereva anapaswa kuweza kujibu maswali manne bila kutazama popote: Nimebeba nini? Kinadhuru vipi? Nisikifanyie nini? Nimwite nani? Mtihani mzuri wa leseni, katika nchi yoyote, hupima hayo kwanza.

Wajibu wa raia

Anayekuta lori la bidhaa hatari limeanguka anashauriwa:

- Asisogee, na awazuie wengine, hasa watoto. Asiwashe sigara, injini wala kitu chochote chenye cheche.
- Aende upande upepo unakotoka, mahali palipoinuka, mbali na mitaro na mabonde.
- Asome kwa mbali namba za kibao cha rangi ya machungwa, kama zinaonekana, azitaje kwa polisi au zimamoto. Namba ya dharura nchini Tanzania ni 112, na ya zimamoto ni 114. Nchini Kenya ni 999 au 112.
- Asimguse majeruhi aliyelowa kemikali bila kujua ni kitu gani. Aliyelowa petroli asikaribishwe kwenye moto.
- Asichote, hata kama wengine wanachota na hakuna kilichotokea mpaka wakati huo.

Tazama pia

- Usalama barabarani
- Petroli
- Gesi ya kupikia
- Zimamoto
- Sianidi
- Umoja wa Mataifa